Kulifufua soko la City Market: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila yanapozuka mazungumzo ya kulikarabati City Market, soko la umma la katikati ya jiji la Nairobi, maswali yanayoulizwa kwenye vibanda, kwenye meza za samaki na katika mikutano ya ushirikishwaji wa umma huwa ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa mujibu wa sheria zilivyo na jinsi masoko yanavyofanya kazi. Mimi si msemaji wa kaunti wala wa chama cha wafanyabiashara. Ni mkazi wa Nairobi ninayenunua nyama na maua humo, na nataka soko hili liendelee kuwepo likifanya kazi ya soko.

Msimamo wangu niuseme mapema. Ukarabati uwe kwa faida ya wanaouza na wanaonunua humo, na kazi ianzie chini ya sakafu kabla ya kufika kwenye rangi ya ukuta.

Soko hili ni la nani hasa?

Ni mali ya umma inayosimamiwa na Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Hadi mwaka 2013 lilikuwa chini ya Baraza la Jiji, na ndiyo maana mpaka leo yeyote anayekuja kudai ada huitwa kanjo. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kuendeleza na kudhibiti biashara, na masoko yametajwa humo waziwazi. Kwa hivyo paa likivuja, wa kuulizwa ni kaunti. Bajeti ya kuliziba hupitishwa na Bunge la Kaunti, yaani MCA wako na wenzake.

Mwenye kibanda si mwenye soko, lakini pia si mgeni. Analipa ada, ana leseni, na Katiba kwenye kifungu cha 47 inampa haki ya kutendewa kwa njia ya haki na kuelezwa sababu kabla ya uamuzi unaomuumiza. Nitalirudia hili kwenye swali la kuhamishwa.

Jengo lenyewe lina nini cha pekee?

Simama katikati ya ukumbi utazame juu. Matao makubwa ya zege iliyotiwa vyuma yanapanda kutoka pande zote mbili na kukutana juu ya kichwa chako, pasipo nguzo katikati. Paa limejengwa kwa ngazi, na kwenye kila ngazi kuna safu ya madirisha yanayoingiza mwanga wa juu. Mwanga huo hauangukii kaunta moja kwa moja, kwa hiyo saa sita mchana muuza waridi anaona rangi halisi ya ua lake bila kuwasha taa na bila jua kulikausha. Aliyelichora alijua soko linahitaji nini.

Mtindo wake ni Art Deco, usanifu uliovuma miaka ya 1920 na 1930, na umbo la ukumbi linafanana sana na ukumbi wa Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, uliokamilika London mwaka 1928. Soko lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, Nairobi ikiwa bado manispaa. Hadhi ya jiji ilikuja mwaka 1950. Mita chache kutoka hapo kuna Msikiti wa Jamia na Maktaba ya McMillan, majengo ya enzi hiyohiyo, kwa hiyo eneo hili dogo ni mojawapo ya sehemu chache za katikati ya jiji ambapo Nairobi ya wakati ule bado inaonekana kwa macho.

Historia hiyo ina uchungu wake pia, na sioni haja ya kuuficha. Ule ulikuwa mji wa ubaguzi, ambamo mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, yaani kitambulisho cha lazima. Lakini angalia jina la barabara iliyo mbele ya soko. Muindi Mbingu aliongoza Wakamba mwaka 1938 walipotembea hadi Nairobi kwa maelfu, wakitaka kuonana na gavana, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa inawanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo. Mwaka huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kinaanzishwa Athi River. Mbingu mwenyewe alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Leo nyama ya mbuzi na ng'ombe wa Ukambani na kazi ya wachongaji wake vinauzwa ndani ya jengo linaloitazama barabara yenye jina lake: nyama upande mmoja, vinyago vya Wamunyu, Ukambani, upande mwingine. Ningependa hadithi hiyo iandikwe ukutani, kwa Kiswahili, mahali mtoto wa shule anaweza kuisoma.

Kwa nini lisibomolewe, lijengwe la ghorofa nyingi litakalowatosha watu wengi zaidi?

Hili ndilo swali ninalolisikia kutoka kwa watu wenye nia njema, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Nafasi ni haba mjini, hilo ni kweli. Lakini mnunuzi wa kilo ya nyama na fungu la sukuma hapandi hadi ghorofa ya tatu. Anaingia kutoka barabarani, ananunua, anaendelea na safari ya kituo cha matatu. Muulize yeyote aliyewahi kupewa kibanda cha juu katika soko la ghorofa: wateja huishia chini, na baada ya miezi michache wa juu hushuka kuuza kando ya mlango. Ukumbi wa City Market una ubora ambao jengo jipya lingegharimu pesa nyingi kuupata: uko usawa wa barabara, una urefu wa kutosha kupandisha joto na harufu juu, na una mwanga wa bure.

Halafu kuna suala la ardhi. Kiwanja cha umma katikati ya Nairobi kina wengi wanaokimezea mate. Tunakumbuka Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi wa mji na A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kuijengea, na ikabidi jamaa za Jeevanjee na wanaharakati, Wangari Maathai akiwa miongoni mwao, wasimame kuitetea. Ipo mpaka leo kwa sababu walisimama. Jengo likishabomolewa, kiwanja kitupu hakina mtetezi kama chenye soko lililojaa watu.

Sheria ya turathi inalilinda vipi jengo la zamani?

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamruhusu Waziri kutangaza jengo kuwa kumbukumbu ya kitaifa inayolindwa (monument) kupitia gazeti rasmi la serikali. Likishatangazwa, huwezi kulibomoa wala kulibadilisha bila idhini.

Wafanyabiashara wengine huogopa kwamba tangazo kama hilo litageuza soko kuwa makumbusho. Haliwi hivyo. Kipande House, jengo la enzi za ukoloni hapahapa Nairobi, imetangazwa na bado ni tawi la benki, watu wanaingia kuweka na kutoa pesa kila siku. Kinacholindwa ni umbo: matao, madirisha ya paa, sura ya mbele. Mabomba, nyaya, friji, kaunta na vigae vinaweza kubadilishwa, bora kazi ifanywe kwa idhini na kwa mkono unaojua.

Kazi ianzie wapi?

Ianzie kwenye mifereji.

Naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi ya masoko inapoharibika. Pesa zikipatikana, kishawishi cha kwanza ni kupaka rangi, kubadilisha lango na kuweka bango, maana hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye picha ya uzinduzi. Lakini mtazame mama anayepara samaki. Ana kisu, ana beseni, ana ndoo moja ya maji safi. Magamba yanaruka, damu na utelezi vinashuka sakafuni, anasukuma vyote kwa teke dogo la maji kuelekea kwenye mfereji. Kama mfereji una mteremko mzuri na chujio, magamba yanabaki kwenye chujio, maji yanaondoka, sakafu inakauka. Kama hauna, maji yanasimama. Ndani ya saa moja harufu imefika kwa muuza maua, na mnunuzi wa maua hatarudi.

Kwa hiyo sehemu za samaki na nyama zinahitaji mteremko wa sakafu uliopimwa, mifereji yenye vifuniko vinavyofunguka ili ioshwe, vichujio vinavyotolewa na kumwagwa kila jioni, na kinasa mafuta kabla maji ya jikoni hayajaingia kwenye mfereji mkuu. Mafuta ya kukaangia yakipoa kwenye bomba huganda, na bomba lililoganda chini ya jengo la miaka tisini si kazi ya kuzibua kwa waya.

Baada ya mifereji ni maji. Mgao wa maji Nairobi tunaujua sote, na soko la nyama haliwezi kufunga kwa sababu leo si zamu yake. Linahitaji matangi yanayotosha zaidi ya siku moja, na mvua inayoanguka kwenye paa kubwa namna ile ivunwe kwa ajili ya kuoshea sakafu na vyoo. Kisha stima, kisha paa. Rangi mwisho.

Stima ina haraka gani?

Haraka kubwa. Juni 2018 moto wa Gikomba uliua watu 15. Julai 2021 soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua usiku mmoja. City Market lina majiko ya kukaangia, friji nyingi, na vibanda vya mbao, makuti na vikapu vikavu, vyote chini ya paa moja. Nyaya za soko lolote la umri huu zikaguliwe zote, kila kibanda kiwe na mita yake na swichi ya kujikata, njia za kutokea ziachwe wazi bila bidhaa, na mabomba ya zimamoto yapimwe kama yana maji kweli. Gesi za kupikia zikae nje kwenye kizimba chenye hewa. Hili lisisubiri ukarabati mkubwa. Lingeweza kufanywa mwaka huu wa fedha.

Zege ikianza kubanduka, ni dalili ya kuanguka?

Si lazima, lakini ni dalili ya kushughulikiwa. Zege mpya hukilinda chuma kilicho ndani yake. Miaka inavyopita, hewa ukaa hupenya taratibu na kuipunguzia nguvu hiyo ya kukinga, chuma kinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo kinavimba na kuisukuma zege itoke. Maji yenye chumvi, kama yale ya kuoshea samaki na barafu, huharakisha mambo.

Kosa la kawaida ni kuziba tundu kwa simiti na kupaka rangi juu. Kutu inaendelea ndani, na kipande kikubwa zaidi kitaanguka baadaye. Njia sahihi ni kugonga zege yote kwa nyundo kusikiliza palipo patupu, kupima upenyaji wa hewa ukaa, kuondoa iliyokufa, kusafisha chuma, kisha kujaza kwa mchanganyiko unaolingana na ule wa zamani. Mkandarasi atakayepewa kazi hii aonyeshe alikowahi kuifanya.

Nyama na samaki wa hapa ni salama?

Nyama halali kisheria lazima ikaguliwe machinjioni na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, iwe imetoka Dagoretti au ni mbuzi wa Kiamaiko. Wanaoshika chakula wanatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita. Kama mnunuzi una haki ya kuuliza muhuri uko wapi na cheti kiko wapi, na muuzaji mzuri hakasiriki.

Mwaka 2019 nchi nzima ilishtuka kwa habari za kemikali zilizowekwa kwenye nyama ili ionekane mbichi, tena nyama ya maduka ya kisasa. Soko lina nafasi nzuri hapo, kwa sababu nyama ya buchari inauzwa ikiwa imening'inia mbele yako na inaisha haraka. Kinachokosekana katika masoko mengi ni chumba baridi cha pamoja. Mwenye buchari mdogo hawezi kununua friji kubwa peke yake, lakini chumba kimoja cha nyuzi nne za selsiasi au chini, chenye sehemu ya nyama na sehemu ya samaki zilizotengwa kabisa, na ada ya kilo kwa usiku, kingemwokoa kila mmoja na hasara ya nyama iliyobaki jioni. Pamoja nacho, mashine ya barafu. Samaki wa Ziwa Victoria aliyesafiri usiku kucha anastahili barafu ya bei nafuu akifika. Na akiwa ni wa kuagizwa kutoka China, kibao kiseme hivyo. Mnunuzi atachagua mwenyewe.

Tutahamishwa wakati wa ujenzi? Na tutarudi?

Hofu hii ina msingi. Nimeongea na wauzaji ambao katika masoko mengine waliambiwa wahame kwa miezi michache, wakakuta baadaye majina mapya kwenye vibanda vipya. Mwenye kibanda asiyekubali kuhama kwa neno la mdomo ana akili timamu.

Njia ya kwanza ni kutohamisha watu wote. Jengo lina ukumbi mkuu na sehemu za pembeni na nyuma, kwa hiyo kazi inaweza kufanywa kwa awamu: upande mmoja unafungwa, wenyewe wanabanana upande wa pili, kisha wanabadilishana. Ni polepole na mkandarasi hapendi. Lakini wateja hawapotei, na mteja wa samaki wa Ijumaa akipotea kwa mwaka mzima ameshapata mama mwingine.

Njia ya pili, pale ambapo kufunga hakuepukiki, ni soko la muda lililo karibu. Mjini Barcelona, soko la Sant Antoni la mwaka 1882 lilipofungwa kwa ukarabati, wenye vibanda walijengewa soko la muda barabarani jirani, na mwaka 2018 wakarudi ndani. Wateja walibaki kwa sababu soko halikuondoka mtaani. Ubaya wake ni kwamba kazi ilichukua karibu miaka tisa. Hakuna muuza samaki wa Nairobi anayeweza kustahimili miaka tisa kwenye hema.

Kwa hiyo kabla hata mfuko mmoja wa simiti haujafika, kila mwenye kibanda awe na karatasi mkononi, imetiwa sahihi na ofisa wa kaunti mwenye mamlaka: namba ya kibanda chake cha sasa, ukubwa wake, mahali atakapokaa kwa muda, tarehe ya kurudi, kibanda atakachorudia, na ada atakayolipa. Karatasi ya namna hiyo inaweza kupelekwa mahakamani. Ahadi ya kwenye mkutano haiwezi.

Nani ataandikwa kwenye sajili ya vibanda?

Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe, na ni afadhali usemwe wazi. Katika masoko ya umma, jina lililo kwenye kitabu cha kaunti mara nyingi si la mtu anayekaa kibandani. Wa kwanza alipewa kibanda zamani. Akampangisha wa pili kwa kodi iliyo mara kadhaa ya ada ya kaunti. Wa pili akamwachia wa tatu kwa gudwili, yaani malipo ya kuachiwa nafasi. Wa tatu ndiye aliyekaa hapo, analipa kila siku, anawajua wateja kwa majina, na jina lake halipo popote.

Siku ya kuhesabu, sajili ikifuata kitabu peke yake, wa tatu anatupwa nje na wa kwanza, ambaye pengine hajakanyaga sokoni kwa miaka, anapata kibanda kipya cha vigae. Ikifuata anayeonekana kibandani siku hiyo peke yake, watu watakodi vijana wakae kwenye vibanda usiku wa kuamkia hesabu. Kila njia ina mwanya.

Maoni yangu ni kwamba haki imwelekee anayefanya kazi. Hesabu ifanywe kwa kushtukiza zaidi ya mara moja, ilinganishwe na risiti za ada, leseni za biashara na vyeti vya afya, na orodha ibandikwe ukutani sokoni, siyo ofisini City Hall, kwa muda wa kutosha watu waipinge. Jirani wa kibanda anajua nani huja alfajiri. Wajane na watoto waliorithi kibanda wasikilizwe kwa utaratibu wao, maana vyeti vingi vya zamani vina jina la mume. Na mwenye jina la kale aliyekuwa akipangisha apewe muda wa kurudi kufanya biashara mwenyewe au kuachia. Kupangisha kibanda cha umma kwa faida binafsi kukome.

Najua jibu hili halitawafurahisha baadhi ya wasomaji. Lakini ukarabati ukifanyika bila kulitatua jambo hili, pesa ya umma itakuwa imewaongezea mapato ya kodi wapangishaji wa siri.

Ada itapanda?

Ada za masoko hutozwa kwa Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitia Bunge la Kaunti baada ya maoni ya wananchi. Msimamizi wa soko hana mamlaka ya kuipandisha kwa tangazo la mlangoni.

Binafsi sipingi ada kupanda kidogo, ikiwa chumba baridi kipo, maji yapo, na sehemu ya makusanyo inarudi kwenye soko lenyewe kwa matengenezo. Ninachopinga ni ada inayokusanywa sokoni na kutumika kwingine huku taa za choo zikikaa gizani. Kaunti itangaze kila robo mwaka imekusanya ngapi hapa na imetumia ngapi hapa.

Mwekezaji binafsi akija na pesa zake, kuna ubaya?

Inategemea anataka nini. Akitaka kodi ya muda mrefu ya soko zima ili apange mahoteli ya kifahari, basi City Market litabaki jina tu. Akitaka kushirikiana, kuna mfano mzuri hatua chache tu kutoka hapo. Book Bunk, shirika lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na kaunti kuzirejesha Maktaba ya McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Ya Kaloleni na ya Makadara zimeshakarabatiwa, na zimebaki maktaba za umma. Umiliki haukubadilika, matumizi hayakubadilika, pesa na ujuzi vilitoka nje.

Mkataba wowote ufuate kifungu cha 227 cha Katiba: haki, uwazi, ushindani, bei inayofaa. Na usomwe kabla ya kutiwa sahihi.

Siku hizi kuna supamaketi kila kona. Soko lina kazi gani tena?

Nakumatt ilikuwa na matawi kila upande, na mwaka 2020 wadai wake waliamua ifilisiwe. Wauzaji wengi walioidai hawakulipwa. Sokoni mkulima au mvuvi hulipwa papo hapo, na jiji linalokula linahitaji njia zote mbili.

Na wauza vinyago?

Wanateseka zaidi ya wengine, kwa sababu wanategemea mgeni. Corona ilipofunga ndege mwaka 2020, walikaa miezi bila kuuza hata bangili. Masoko ya Kimasai yanayohamahama nayo yamechukua wateja wengi, tena bila gharama ya kibanda cha kudumu.

Nadhani nafuu yao iko katika kuuza kwa Wakenya. Kiondo, bakuli la jiwe la Kisii kutoka Tabaka, kiti cha kuchongwa: haya yanaingia katika nyumba za Nairobi yakiwa na bei iliyoandikwa. Mkenya huogopa kuingia kwa sababu anaitwa kutoka pande kumi na hajui bei halisi. Bei zibandikwe, jina la mchongaji na kijiji chake viandikwe, na meza chache zitengwe kwa wachongaji wafanye kazi mbele ya watu. Mtu akishaona msasa ukipita juu ya mti wa mpingo hadi ung'ae, habishani tena kuhusu shilingi mia mbili.

Wachuuzi wa nje watafukuzwa?

Wasifukuzwe. Wapangwe. Mwenye maua wa pembeni ya barabara na mwenye kikapu cha parachichi huleta wateja mpaka mlangoni. Njia ya miguu iachwe wazi, mlango wa zimamoto uachwe wazi, wapewe nafasi zilizochorwa na maji ya kunawa. Kukimbizana na askari wa kaunti kila jioni hakujawahi kuinua soko lolote.

Vyoo? Watu wanaotumia viti vya magurudumu? Akina mama wanaonyonyesha?

Vyote ni lazima, na vyote ni rahisi kuliko chumba baridi. Hakuna sababu ya kuviacha kwa awamu ya pili.

Takataka zitaenda wapi?

Nyingi zaweza kutumika tena zikitenganishwa pale zinapotoka. Majani ya maua na mabaki ya mboga ni mbolea. Vichwa vya samaki na mifupa vina wanunuzi. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, kwa hiyo soko liwe na mapipa matatu yenye vifuniko na mtu wa zamu anayelipwa kuyasimamia. Zikichanganywa zote, ni lori jingine la kwenda jaa la Dandora.

Nitajuaje kama mradi unakwenda sawa?

Omba nyaraka. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Omba michoro, mkataba, kadirio la gharama na orodha ya wenye vibanda. Ukinyamaziwa, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Halina malipo.

Halafu angalia mambo madogo. Mafundi wakianza kwa kupaka rangi, uliza. Wakiweka vigae kabla ya kupima mteremko kwa kumwaga maji, uliza. Wakiondoa vioo vya paa na kuweka mabati, piga kelele, maana ukumbi ukiingia giza hautarudi kama ulivyokuwa.

Tutoe maoni lini ili yahesabiwe?

Wengi huja siku ya mkutano wa mwisho, wakati pesa zimeshapangwa. Mwaka wa fedha una milango yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba: soko lisipokuwemo humo, ni vigumu lipate bajeti. Waraka wa mkakati wa fedha hufika tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili, na yanatakiwa kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Kwa hiyo barua nzuri ya kuomba mifereji na chumba baridi iandikwe Julai au Agosti.

Iwe fupi. Taja soko, taja sehemu iliyoharibika, ambatanisha picha tatu au nne zenye tarehe, taja mnachoomba kwa mpangilio wa uharaka, na wenye vibanda watie sahihi na namba za vibanda vyao. Ipelekwe kwa idara ya biashara ya kaunti na kwa karani wa Bunge la Kaunti, nakala apewe MCA, na nyingine ibaki kwenu ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa.